Njia fupi, lakini kwa nani? Kilomita 110 kwa baiskeli mashambani Poland

Najua hapa mmezoea kusoma habari za programu, hifadhidata na malalamiko yangu kuhusu miradi isiyokwisha. Leo nawaletea safari ya baiskeli. Msiondoke bado! Ndani yake kuna algoriti, kuna ramani huria, kuna ndege mwenye simkadi, na kuna swali moja ambalo limenikaa kichwani tangu Julai.

Kwa wale wageni hapa: mimi ni mtoto wa Busia, nilisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, na huu ni mwaka wa pili naandika programu jijini Warsaw. Baiskeli si kitu kigeni kwa mtu wa Busia. Hata hilo neno boda boda, kama wazee wanavyosimulia, lilizaliwa huko kwetu mpakani miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na kipande cha ardhi cha kutembea, na gari lilihitaji makaratasi mengi kukivuka. Vijana wenye baiskeli wakaona kazi. Walibeba abiria upande mmoja hadi wa pili wakiita "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Babu yangu alikuwa na black mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya chuma, na alivuka kwenda sokoni na kurudi kabla ya chai ya saa kumi. Kwa hiyo mimi nimekua nikijua kwamba mpaka ni mahali unapopita na baiskeli ukiwa na mkungu wa ndizi nyuma.

Baiskeli niliyo nayo sasa ni ya aina nyingine: fremu ya alumini, usukani uliopinda kama pembe za kondoo, tairi nyembamba za milimita 28. Kwenye lami inateleza kama siagi. Kwenye mchanga ni balaa tupu.

Nilichagua kwenda Podlasie, mkoa wa kaskazini-mashariki unaopakana na Belarus. Waendesha baiskeli wa huku wanaupenda kwa sababu magari ni machache, vilima ni vya upole, na misitu ni mingi. Pia unapitiwa na Green Velo, njia ya baiskeli ya kama kilomita 2,000 inayokatiza mikoa mitano ya mashariki ya Poland. Mpango wangu ulikuwa wa siku moja: treni hadi Białystok, kisha baiskeli kupitia Supraśl, Krynki, Kruszyniany na Bohoniki, halafu treni ya jioni kutoka Sokółka. Jumla kama kilomita 110.

Sasa tuingie kidogo kwenye mambo yetu. Njia inachaguliwaje?

Wengi mliosoma kompyuta mnamkumbuka Dijkstra. Mwaka 1956 Mholanzi huyu alikuwa Amsterdam na mchumba wake, wamechoka kwa kutembea madukani, wakaketi mkahawani kunywa kahawa. Alikuwa akiwaza namna ya kupata njia fupi kabisa kutoka mji mmoja hadi mwingine, na katika dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi, akapata utaratibu wake. Aliuchapisha mwaka 1959. Mpaka leo programu nyingi za kutafuta njia zimejengwa juu ya wazo hilo: una vituo, una barabara zinazoviunganisha, kila barabara ina gharama yake, nawe unatafuta njia ambayo jumla ya gharama ni ndogo kuliko zote.

Hesabu yenyewe ni rahisi, mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiandika mchana mmoja. Kazi ni ile gharama. Nani anaamua kwamba barabara hii ina gharama kubwa kuliko ile? Dijkstra hakuambii. Yeye anapokea namba zako na kuzijumlisha.

Mimi hutumia BRouter, programu huria inayosoma data ya OpenStreetMap, ile ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Uzuri wa BRouter ni kwamba gharama unaziandika mwenyewe katika faili ya maandishi. Niliandika hivi: kilomita ya lami ihesabiwe kama moja, ya marram kama mbili, ya mawe kama nne, ya mchanga kama nane. Barabara kuu yenye malori iongezewe adhabu. Nikabonyeza, njia ikatoka, nikaipakia kwenye simu na kuifunga simu juu ya usukani.

Nilitoka Białystok alfajiri, jua tayari limechomoza, maana Julai huku usiku ni mfupi mno. Huu ndio mji alikozaliwa Zamenhof mwaka 1859, yule aliyebuni lugha ya Kiesperanto baada ya kukulia katikati ya majirani waliogombana kwa lugha tofauti. Dakika arobaini baadaye niko Supraśl, mji mdogo wenye monasteri ya Kiorthodoksi kando ya mto. Baada ya hapo unaingia msitu wa Knyszyn. Misonobari pande zote, harufu ya utomvu, na lami nyembamba iliyonyooka ambayo unaweza kwenda robo saa nzima bila kukutana na gari.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini watu wanapenda mchezo huu. Mwendo wa kilomita 26 kwa saa ni wa kutosha kufika mbali, lakini bado unasikia ndege, unanusa moshi wa kuni, unaona bibi akianika mashuka. Ukiwa ndani ya gari, haya yote yanapita nyuma ya kioo.

Kisha ramani ikanikatisha kulia kwenye barabara ya kijiji, na lami ikaisha.

Wapoland wana jina la aina ile ya barabara: kocie łby, vichwa vya paka. Ni mawe ya mviringo ya shambani, makubwa kama ngumi mbili, yaliyopangwa ardhini miaka mingi iliyopita na hayajawahi kusawazishwa. Kwa trekta hayana shida. Kwa tairi za milimita 28 ni kama kushikilia mashine ya kusaga mahindi. Mikono inakufa ganzi, chupa ya maji inaruka, meno yanagongana. Kilomita mbili nilizitumia robo saa.

Kwa nini programu ilinipeleka huko wakati nimeandika wazi kwamba mawe ni gharama kubwa? Nilisimama chini ya mti nikachungulia data. Barabara ile ilikuwepo kwenye ramani, ina jina, ina umbo sahihi, lakini haikuwa na lebo ya uso wake. Hakuna mtu aliyewahi kuandika kama ni lami, mawe au udongo. Programu ilikuta nafasi tupu, ikakisia. Kwa mashine, jambo ambalo halijaandikwa halipo.

Lakini kila lebo iliyopo, mtu aliyepita pale aliiandika. Zile kilomita 30 za raha kabla ya hapo, kuna mtu nisiyemjua aliyezipita akarudi nyumbani akaandika "lami". Nilikuwa natembelea kazi ya watu bila kuwaona.

Haya, tuendelee. Vijijini huko utakutana na korongo weupe. Karibu kila kijiji kina kiota juu ya nguzo ya umeme, kikubwa kama tairi la trekta, na juu yake makinda wamesimama wanakutazama. Sensa ya mwaka 2004 ilihesabu jozi zaidi ya 50,000 katika Poland nzima, ingawa tangu hapo wamepungua. Wenyeji wanaona ni baraka korongo akijenga kwako, na watu wa umeme huweka majukwaa ya chuma juu ya nguzo ili viota visiguse nyaya.

Mkenya anapaswa kuwasalimia kwa heshima, kwa sababu ni wageni wetu. Mwishoni mwa Agosti wanaondoka, na miezi ya baridi ya Ulaya utawakuta Sudan, Kenya, Tanzania mpaka Afrika Kusini. Njia yao ni somo la gharama. Njia fupi ingekuwa kukata Bahari ya Kati moja kwa moja. Hawafanyi hivyo. Korongo ni mzito, hapigi mabawa safari nzima, anapanda juu kwa hewa ya moto inayoinuka kutoka nchi kavu kisha anateleza. Juu ya bahari hewa hiyo haipatikani. Kwa hiyo anazunguka: Bosporus, Uturuki, Syria au Lebanon, Sinai, halafu anafuata Nile. Umbali unaongezeka, gharama inapungua. Dijkstra angempa alama zote.

Na ile simkadi niliyowaahidi? Aprili 2017 kikundi kimoja cha mazingira cha Poland kilimfunga korongo aitwaye Kajtek kifaa cha kutuma mahali alipo kupitia mtandao wa simu. Ndege akasafiri hadi upande wa mashariki wa Sudan, bonde la Nile ya Bluu, kisha kifaa kikanyamaza. Mwaka 2018 kikundi kikapokea bili ya simu ya zaidi ya zloti 10,000. Mtu alikuwa amekipata kifaa, akachomoa simkadi, akaiweka kwenye simu yake na kuongea jumla ya saa 20. Nilicheka mpaka machozi niliposoma. Wahandisi wenzangu, wekeni kikomo kwenye simkadi za vifaa vyenu!

Nikafika Krynki. Mji huu mdogo una kitu ambacho kingemfurahisha mwalimu yeyote wa hisabati: katikati kuna bustani, na kutoka hapo mitaa 12 inatawanyika kama spoki za gurudumu. Niliingia dukani kununua maji na mkate. Mama mwenye duka alinitazama, akaitazama baiskeli.

"Bwana anatoka wapi?"

"Kenya, mama."

Macho yakamtoka. "Kwa baiskeli?"

Nilimwambia hapana, kwa baiskeli ni kutoka Białystok tu, na wote dukani wakacheka. Aliniongezea tufaha mbili bure kwenye mfuko.

Kama kilomita kumi mbele ni Kruszyniany. Mwaka 1679 mfalme Jan III Sobieski aliwapa ardhi hapa wanajeshi wa Kitatari waliomtumikia, na wajukuu zao wapo mpaka leo, Wapoland Waislamu. Msikiti wao ulijengwa karne ya 18, wote wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, na kwa mbali ungedhani ni kanisa la kijiji mpaka uone mwezi juu ya mnara. Mtu aliyezoea misikiti ya mawe ya matumbawe ya Lamu husimama na kutazama mara mbili. Ndani kuna mazulia na harufu ya mbao za zamani. Nikala pierekaczewnik, chapati nyembamba tabaka sita zilizoviringwa na nyama katikati. Kwa mtu aliyeamka usiku, ni dawa.

Kruszyniany ni karibu sana na mpaka wa Belarus. Wengi mtakumbuka habari za mwaka 2021, wakati maelfu ya watu kutoka Iraq, Syria, Yemen na hata nchi za Afrika walipofika Belarus kwa ndege na kujaribu kuingia Poland kwa kupitia misitu hii. Kuanzia Septemba 2021 hadi mwisho wa Juni 2022 kijiji hiki kilikuwa ndani ya eneo ambalo mgeni hakuruhusiwa kuingia. Poland ikajenga ukuta wa chuma wa urefu wa mita 5.5 kwenda juu, kilomita 186, uliokamilika mwaka 2022. Mwaka 2024 eneo jingine la marufuku liliwekwa upande wa Białowieża, kusini ya hapo. Siku niliyopita mimi, njia yangu yote ilikuwa halali na wazi kwa watu wote.

Narudi kuelekea Krynki, lami safi, upepo nyuma yangu, gari la doria likanipita polepole, likasimama mbele. Wakashuka vijana wawili wenye sare.

"Siku njema, Bwana. Kitambulisho, tafadhali."

Nikatoa kadi ya ukaazi. Wakaipiga picha, mmoja akarudi garini kuulizia kwa redio. Yule mwingine akauliza natoka wapi, naenda wapi, nafanya kazi gani, na kwa nini nina ramani kwenye usukani. Nikamwonyesha ule mstari wa buluu kutoka Białystok hadi Sokółka. Walikuwa na adabu, sina neno baya juu yao. Lakini wakati nimesimama pale, waendesha baiskeli watatu walipita, wazungu, wamevaa jezi za rangi kali kama yangu, ramani kwenye usukani kama mimi. Mmoja akaniinulia mkono, salamu ya kawaida ya wenye baiskeli. Hakuna aliyewasimamisha. Dakika 18 baadaye nikarudishiwa kadi na kutakiwa safari njema.

Nilianza kupiga pedali nikiwa nafanya hesabu. Barabara moja, lami moja, upepo mmoja. Kwangu gharama yake ilikuwa dakika 18 zaidi na mapigo ya moyo ambayo saa yangu iliyaandika 150 nikiwa nimesimama wima bila kusogea. Kwenye faili yangu ya BRouter hakuna mstari wa jambo hilo.

Fikra hiyo ndiyo niliyofika nayo Bohoniki, kijiji cha pili cha Watatari, karibu na Sokółka. Hapa pia kuna msikiti wa mbao, mdogo zaidi, na nje ya kijiji kuna makaburi yao ya zamani, juu ya kilima chenye misonobari. Novemba 2021 Watatari hawa walimzika hapo kijana Msyria wa miaka 19 aliyezama katika mto Bug akijaribu kuvuka kutoka Belarus. Hawakumjua. Walimswalia na kumzika kama mtu wao. Wahamiaji wengine walizikwa hapo baada yake. Makaburi yao ni mafungu madogo yaliyozungushiwa mawe ya shambani.

Mawe yale yale ya vichwa vya paka.

Nilikaa pale kidogo. Watu waliopita misitu hii walikuwa na simu mkononi kama mimi, na wengi waliongozwa na ramani za simu. Mstari wa mto kwenye skrini ni mwembamba na wa buluu, iwe kina chake ni cha magoti au cha kumfunika mtu, iwe Julai au Oktoba. Ukuta wenyewe kwenye ramani ni mstari tu. Sijui kijana yule alikuwa anatazama nini kwenye simu yake, kama alikuwa nayo. Ninajua tu kwamba gharama za njia yangu niliziandika mimi mwenyewe nikiwa nimeketi Warsaw na kikombe cha chai, na za kwake ziliandikwa na watu wengine.

Sisemi haya ili kulaumu programu. Programu ya njia haiwezi kujua kila kitu, na lebo inayosema "hapa watu weusi husimamishwa" sitaki kuiona kwenye ramani yoyote, maana mtu mbaya angeitumia vibaya zaidi kuliko mtu mwema angenufaika. Ninachosema kwa wenzangu tunaoandika programu ni hiki: tunapoambiwa "tafuta njia bora", tuulize bora kwa nani. Kibera haikuwa nafasi tupu kabla ya mwaka 2009. Ilikuwa imejaa watu, maduka, shule na zahanati. Kwenye ramani ndiyo ilikuwa tupu, mpaka vijana wa hapo hapo kupitia mradi wa Map Kibera walipoanza kuzunguka na vifaa vya GPS na kuyaandika wanayoyajua. Wengine wote walikuwa wamekisia, kama programu yangu ilivyokisia juu ya barabara ya mawe.

Kwa atakayetaka kupita njia hii, machache ya kumfaa. Tairi za milimita 32 au zaidi. Tyubu mbili za akiba. Maji nunua kila kijiji chenye duka, na Jumapili beba chakula kutoka mjini kwa sababu maduka mengi Poland hufungwa kwa sheria. Ukiingia msikitini vua viatu, hasa vile vya baiskeli vyenye chuma chini. Kadi yako ya ukaazi au pasipoti iwe mfukoni, ile halisi, siyo picha kwenye simu. Na angalia matangazo ya eneo la mpaka kabla ya kuondoka, maana hubadilika.

Jioni ile ile, ndani ya treni, nilifungua OpenStreetMap nikaweka lebo kwenye vipande sita vya barabara: vinne vya mawe, viwili vya mchanga. Ilinichukua dakika kumi. Atakayepita baada yangu programu itamkwepesha na meno yake yatapona. Habari ya doria hataipata huko, itabidi aisome hapa.

Wiki ijayo narudi kwenye hifadhidata, naahidi.